Wati ya Amplifaya si Wati ya Spika

Fundi aliishika spika kama mtu anayepima embe sokoni. Vidole vya mikono yote miwili vikaizunguka koni, kisha akaisukuma ndani polepole. Ikakwaruza, mkwaruzo mdogo kama wa msasa juu ya bati. Akaipeleka puani, akanusa, akanipa na mimi. Ilinuka vanishi iliyoungua. "Koili imekwenda, kaka," akasema, akaitupia kwenye boksi la nyingine zilizokwenda.

Tulikuwa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye mtaa ambao ukisimama dakika kumi utaulizwa mara tano kama unatafuta taa ya IST. Gari langu ndilo hilohilo, IST, na spika zile zilikuwa na wiki tatu tu mlangoni. Boksi lake liliandikwa wati 300. Amplifaya niliyozifungia ilikuwa ya chaneli nne, wati 50 kila chaneli. Muuzaji alikuwa amenitoa wasiwasi kwa hesabu ya kaunta: spika inabeba mia tatu, wewe unaipa hamsini, itaunguaje? Nikaridhika. Maji ya kikombe hayajazi ndoo.

Pale mezani yakazuka mabishano. Mmoja akasema amplifaya ndogo ndiyo inayoua spika, kila fundi anajua. Wa pili akapinga: spika inauawa na nguvu, haiuawi na upungufu wa nguvu, mbona redio ya mkulima haijawahi kuunguza spika yake? Wa tatu, ambaye kwa bahati alikuwa na spika za kuuza, akasema zangu ni feki tu. Nimekaa na mabishano hayo muda mrefu sasa, nikasoma, nikapima, nikaunguza na vingine viwili vitatu, na naona kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Kinachowagombanisha ni neno moja lililoandikwa kwenye maboksi mawili. Wati ya amplifaya na wati ya spika ni vitu viwili vyenye jina moja, na ulinganishaji wowote unaoanza kwa kuziweka namba hizo mbili bega kwa bega umekosea njia tangu nyumbani.

Amplifaya ikiandikwa wati 50, hiyo ni kazi inayoweza kuitoa. Spika ikiandikwa wati 60, haitoi kitu. Hicho ni kipimo cha joto ambalo koili yake italivumilia bila gundi kuyeyuka na waya kukatika. Umbo la spika hii, koili nyepesi inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni, ni lile ambalo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliliweka hadharani mwaka 1925, na tabia yake moja haijapona hadi leo: inapoteza karibu kila kitu unachoipa. Spika ya mlangoni inayotoa desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1 hugeuza chini ya nusu ya asilimia moja ya umeme kuwa sauti. Ipe wati 50, utapata sauti ya kama sehemu moja ya tano ya wati. Nyingine zote ni joto, na joto hilo linakaa kwenye waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti uliozungushwa kwenye kikaratasi. Spika ni jiko linaloimba.

Kwa hiyo swali la kuiuliza spika ni hili: unavumilia moto kiasi gani, na kwa muda gani? Ndipo tofauti ya namba mbili za boksini inapoonekana. Ile kubwa ya rangi nyekundu, 300 au 500, ni kilele, mshindo wa kupepesa jicho ambao koili itauvumilia kwa sababu haina muda wa kupata moto. Ile ndogo, mara nyingi upande wa nyuma, yenye herufi RMS, ndiyo inayosema koili itakaa na joto gani saa nzima. Spika zangu za 300 ziliandikwa RMS 60. Muuzaji hakuniambia, na mimi sikugeuza boksi.

Upande wa amplifaya uongo ni mkubwa zaidi, lakini unapimika kirahisi zaidi. Kuna kipimo cha heshima, kilichotolewa kwa jina la CEA-2006 na chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki Marekani mwaka 2003: amplifaya inapimwa kwa volti 14.4, kwenye mzigo wa omu 4, na wati zinahesabiwa mahali ambapo sauti haijaharibika kupita asilimia 1. Nembo yake ikiwepo, namba inaaminika. Isipokuwepo, na kwenye maduka yetu mara nyingi haipo, angalia fyuzi. Amplifaya haiumbi umeme. Wati zinazotoka nyuma zimeingia mbele, pungufu ya zile zilizogeuka joto njiani. Chukua amplifaya iliyoandikwa wati 3000, ina fyuzi mbili za ampea 20. Ampea 40 mara volti 14.4 ni wati 576 zinazoingia. Kama ni ya daraja la AB, zile zenye mbavu za aluminiamu zinazochoma mkono, itatoa nusu yake au zaidi kidogo, tuseme 300 na kitu. Kama ni ya daraja D, itatoa kama 460. Fyuzi hustahimili kuzidiwa kwa sekunde chache, kwa hiyo mishindo ya juu inaweza kupita kidogo hapo, lakini elfu tatu haipo hata ukiitafuta kwa tochi.

Namba inayonifurahisha kuliko zote ni ile ya redio yenyewe, "50W x 4", iliyo kwenye uso wa karibu kila deki inayouzwa. Watu huiita uongo. Kwa kweli ni hesabu sahihi ya kitu kisichofaa. Redio ya gari haina sehemu ya kupandisha umeme. Inachezea volti zilezile za gari. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa omu 4, utapata 51.8. Hiyo hapo hamsini yako! Ila ili aisii, ile chipu ya ndani inayosukuma spika, itoe hamsini hiyo, lazima iwe imefunguliwa hadi mwisho muda wote, inaruka kutoka ukuta huu hadi ukuta ule bila mteremko katikati, yaani muziki umeshakuwa kelele ya mraba. Wimbi safi lenye mteremko wake, kwenye volti hizohizo, linatoa kama 20. Mfano mzuri ni TDA7388, chipu ambayo mafundi wengi wameshaing'oa na kuirudisha kwenye deki za bei ya kati. Hati ya mtengenezaji inaipa wati 45 kwa upeo, lakini inaposema nguvu yake kwa volti 14.4 inashuka hadi 26, na hizo 26 ni kwa sauti iliyokwisha kuharibika asilimia 10. Ukizitaka safi, ondoa nyingine.

Mraba ule ndio ulioua spika zangu, ingawa kwa amplifaya nyingine. Wimbi la mraba lenye kilele sawa na wimbi safi lina nguvu mara mbili yake. Amplifaya yangu ya wati 50 safi, ikisukumwa hadi wimbi likakatwa kichwa na miguu, inaweza kukaribia wati 100, na nilikuwa nimeisukuma kweli: geini hadi mwisho, kitufe cha besi cha redio kimepandishwa, na kingine cha besi kwenye amplifaya yenyewe nacho kimepandishwa, kwa sababu kilikuwepo. Koili ya RMS 60 ikawa inapikwa kwa karibu mia. Basi yule fundi wa kwanza alisema kweli kwamba amplifaya ndogo iliziua, na yule wa pili naye alisema kweli kwamba ziliuawa na nguvu. Udogo wa amplifaya peke yake hauna dhambi. Wati 15 zikikatwa zikawa 30, spika ya 60 haitishiki. Kinachoua ni mtu anayetaka sauti ya amplifaya ya 200 kutoka kwenye ya 50 na kuizungusha geini mpaka aipate.

Twita huondoka mapema zaidi. Koili yake ni ndogo kama kifungo cha shati, na muziki wa kawaida huipa chembe tu, kwa kuwa nguvu nyingi ya muziki iko chini, kwenye besi. Wimbi likikatwa hutoa milio mipya ya juu ambayo mwanamuziki hakuipiga, na sehemu ya juu iliyokuwa kimya hupata sehemu kubwa zaidi ya chakula. Ukikuta gari lenye muziki mnene lakini sauti ya mwimbaji inatoka kama ndani ya blanketi, twita zimeshazikwa, na mwenye gari ameshazoea.

Sasa omu, mahali ambapo hesabu ikikosewa kinachokufa ni amplifaya. Jina ni la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha sheria yake mwaka 1827, na sheria yenyewe ni nyepesi: ukinzani ukipungua nusu, mkondo unaongezeka mara mbili. Spika za mlangoni nyingi ni omu 4. Ukizipima kwa mita zikiwa hazijafungwa utaona 3.2 hadi 3.6, usishtuke, huo ni ukinzani wa waya tu. Ule wa muziki unapanda na kushuka kwa kadiri ya mlio. Sabufa ndizo zenye mitego, hasa zile za koili mbili. Koili mbili za omu 4 zikifungwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, zinakuwa omu 2. Zikifungwa kwa mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, zinakuwa 8.

Nilimshuhudia kijana mmoja akilipa pesa nzuri kwa sabufa mbili za aina hiyo, koili mbili mbili za omu 4, na amplifaya inayotoa wati 600 kwenye omu 2, mwisho wake wa chini. Vyote vitatu vilikuwa vizuri. Havikuoana. Sabufa mbili za koili mbili za omu 4 zinakupa omu 1, au 4, au 16, 2 haimo. Zikifungwa kwenye 1, amplifaya itajizima kwa joto, au haitajizima na hilo ni baya zaidi. Zikifungwa kwenye 4 itakaa salama ila itatoa labda 350, na nusu ya pesa yake imelala. Angechukua sabufa hizohizo za koili za omu 2, kila moja ikafungwa kwa mfululizo ikawa 4, kisha zikafungwa pamoja sambamba, angeipata 2 yake kamili. Tofauti ilikuwa tarakimu moja kwenye kibandiko cha sumaku, na bei ileile. Kwa hiyo mimi huanza na omu, halafu ndiyo natazama wati, kwa sababu wati za amplifaya hazina maana mpaka ujue zimepimwa kwenye omu ngapi.

Mtego mwingine ni kubriji. Chaneli mbili zikiunganishwa kusukuma sabufa moja, kila chaneli inaona nusu ya mzigo: sabufa ya omu 4 inageuka 2 kwa kila upande, ya 2 inageuka 1. Amplifaya nyingi za chaneli nne zinavumilia 2 kwa chaneli, kwa hiyo zikibrijiwa mwisho wao ni 4. Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, ile inayotupwa na boksi. Balaa hili lina upande wa pili, kwa wanaong'oa redio ya kiwandani. Baadhi ya mifumo ya Bose iliyofungwa kiwandani hutumia spika za omu 2 au chini ya hapo, zikisukumwa na amplifaya yake maalumu iliyojificha mahali. Fundi akiiruka amplifaya hiyo na kuzifunga spika moja kwa moja kwenye deki mpya, aisii ya deki itakula mkondo ambao haikuumbiwa. Na deki tunazibadilisha sana huku, kwa sababu inayoeleweka: magari yetu yametoka Japani, redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76 na nyingi kuishia 90, na stesheni za Dar zimejaa juu ya hapo.

Nimesema amplifaya haiumbi umeme. Basi nani anauumba? Altaneta. Hapa wengi hawafiki kabisa, na ndipo ninapoona uchambuzi wa muziki wa gari ungepaswa kuanzia. Betri ya gari dogo kama IST, mara nyingi NS40 au inayofanana nayo, ina ampea-saa 35 hivi, na kazi yake ni kupiga stata. Gari likishawaka, kila kitu kinaishi kwa altaneta. Tuseme ni ya ampea 80. Taa, feni, pampu ya mafuta, kompyuta, plagi na AC vinaweza kuchukua nusu yake. Ampea 40 zilizobaki, kwa amplifaya ya daraja D, ni kama wati 450 za mfululizo, na hapo injini inazunguka vizuri. Kwenye foleni ya Ubungo, gari limesimama, altaneta inatoa pungufu sana ya ile iliyoandikwa, AC imewashwa kwa sababu ni Januari, na dirisha limefungwa ili muziki usikike. Taa za mbele zinaanza kufifia kwa kila mdundo. Volti zimeshuka kutoka 14 hadi 12 na kitu, amplifaya inakata mawimbi mapema zaidi, na tumerudi palepale kwenye koili kunuka vanishi. Watu hununua kapasita kubwa inayong'aa ili taa zisififie. Inasaidia kwa sehemu ya sekunde. Mdundo ukirefuka, kapasita nayo ni mzigo mwingine unaotaka kujazwa na altaneta ileile iliyochoka. Wenye bajaji zenye sabufa nyuma ya kiti wanaujua ukweli huu kuliko sisi, maana mtambo wao wa umeme ni mdogo zaidi. Wapo wanaotembea na betri ya pili chini ya kiti, na wanaichaji usiku nyumbani.

Kinachowaokoa watu wengi, bila wao kujua, ni muziki wenyewe. Wimbo wa kawaida haukai juu muda wote. Unapanda, unapumua, na wastani wake unaweza kuwa sehemu moja ya kumi ya kilele chake. Rumba ya gitaa tatu ikipigwa kwenye amplifaya ya wati 500 itatumia wati 50 kwa wastani, na koili itapata nafasi ya kupoa kati ya nota na nota. Singeli haipumui hivyo. Ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, imebanwa kwenye studio hadi kila kitu kikawa juu, na wastani wake umekaribia kilele. Amapiano nayo ina ile besi ndefu inayovutwa kama mpira. Mfumo uliokaa salama miaka mitatu kwa mzee mpenda rumba unaweza kuungua Ijumaa moja tu mtoto wake akiazima gari. Sijawahi kuona muuzaji anayemuuliza mteja anasikiliza nini, na nadhani lingekuwa swali la maana kuliko rangi ya grili.

Waya nao una neno lake. Waya wa nguvu unaotoka kwenye betri hadi buti ni kama mita 5. Wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 8, ukipitisha ampea 60, unapoteza kama volti 0.6 njiani, wa 21 unapoteza robo ya volti tu. Ukiona waya mnene, mwepesi mkononi, na bei yake nusu ya wenzake, kwangua ncha kwa wembe. Ukikuta weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ile yenye herufi CCA, na aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Si haramu, ila unene wake uuhesabu pungufu. Na fyuzi ya waya huo ikae karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi ya kwenye amplifaya inailinda amplifaya. Waya ukichubuka kwenye bati la gari katikati ya safari, ni ile ya karibu na betri peke yake itakayozuia moto chini ya zulia.

Kabla ya kununua wati zaidi kuna njia ya bure, au karibu na bure. Sikio letu ni gumu: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ambazo msikilizaji atasema "kidogo"; ili aseme sauti imezidi mara mbili, unatakiwa kuongeza wati mara kumi. Sasa linganisha spika ya desibeli 86 kwa wati 1 na nyingine ya 92. Tofauti ni 6, yaani hiyo ya pili kwa wati 25 inalia sawa na ya kwanza kwa 100. Namba hii ndogo, inayoitwa usikivu wa spika, ndiyo ningeitafuta kwanza kama sina amplifaya au nina ndogo. Spika za karatasi zilizotoka na gari Japani huonekana za kimaskini, lakini nyingi ni nyepesi na zenye usikivu mzuri, zimetengenezwa zitosheke na wati 20 za redio. Mtu anazing'oa, anaweka za kampuni maarufu zenye koni nzito, anazifunga kwenye redio ileile, halafu analalamika kwamba sauti imepungua. Imepungua kweli.

Na mlango. Spika ya mlangoni haina boksi. Boksi lake ni mlango, na mlango wa gari dogo ni bati lenye matundu. Hewa inayosukumwa mbele na ile inayovutwa nyuma zinakutana kwenye matundu na kumezana, besi inapotea. Kuziba matundu ya bati la ndani kwa shiti ya lami, na kuikaza spika kwenye pete ya mbao, kumenipa besi ambayo wati mia za ziada hazikunipa. Kosa lingine la bure ni nyaya kugeuzwa: spika ya kushoto chanya kwa chanya, ya kulia chanya kwa hasi. Moja inatoka, nyingine inaingia, na besi inakufa katikati ya viti. Fundi wangu hulitambua kwa betri ya rimoti. Anagusisha volti 1.5 kwenye ncha za waya, koni ikiruka nje ncha ya chanya ndiyo hiyo, anaitia alama kwa mkanda.

Koni ina mwisho wa kuruka, na mwisho huo hauhusiani na joto. Ili kutoa mlio wa chini zaidi kwa sauti ileile, kila hezi zikipungua nusu koni inatakiwa iruke mara nne zaidi. Spika ya inchi 6 inayocheza vizuri kwenye hezi 80 itatakiwa kuruka mara nne kwenye 40, na haina nafasi hiyo. Itagonga nyuma na kupasuka hata kama wati ziko chini ya RMS yake. Dawa ni kile kichujio cha kwenye amplifaya kinachokata milio ya chini, kiwekwe hezi 80 kwa spika za mlangoni, besi iachiwe sabufa. Nilipokuwa nimepandisha vitufe viwili vya besi kwenye spika za inchi 6 bila kichujio, nilikuwa nazichoma na kuzivunja kwa pamoja.

Imebaki kulinganisha. Spika ya RMS 60, amplifaya ya kati ya wati 50 na 80 kwenye omu ileile, ikiwa ya kupimwa kweli, inatosha. Mimi huchagua iliyozidi spika kidogo, kwa sababu ina nafasi ya kupita vilele bila kukata, mradi mwenye mkono wa geini ana akili. Geini si sauti. Kazi yake ni kuoanisha kimo cha ishara inayotoka kwenye redio na kile amplifaya inachokitegemea, na inawekwa mara moja kwa bisibisi, halafu inaachwa. Mahali pa kuiacha panapatikana kwa mita ya volti, maana nguvu ni volti zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe na kugawanywa kwa omu. Ukitaka wati 50 kwenye omu 4, unatafuta volti 14.1. Ukitaka 300 kwenye omu 2, volti 24.5.

Nilirudi Gerezani na spika mpya, RMS 60 zilizosomwa kwanza upande wa nyuma, na amplifaya ileile. Fundi alizitoa nyaya za spika, akawasha injini, akaweka mlio wa hezi 1000 kwenye flashi, redio robo tatu ya sauti, vitufe vyote vya besi kwenye sifuri, na mita yake ya njano kwenye volti za AC. Geini ilikuwa bado pale nilipoiacha. Mita ikasoma 19, namba ambayo amplifaya hiyo haiwezi kuifikia kwa wimbi safi hata ikiapizwa. Akanitazama bila kusema. Akairudisha taratibu kwa ncha ya bisibisi, 17, 16, 14 na nusu, 14.1, akasimama. Akachukua kipande cha mkanda, akaandika 14.1 kwa kalamu, akaubandika juu ya tundu la geini ili bisibisi isipate njia, kisha akaanza kurudisha nyaya, ya kushoto kwanza.